Usiende kuona kasri na fundi wa mawe

Kama una haraka nakuambia mapema, usibebe fundi wa mawe kwa safari ya kuona majumba ya zamani. Mtu wa kawaida anafika, anapiga selfi mbili tatu, anauliza choo kiko wapi, anaenda zake. Shemeji yangu anafika, anaweka kiganja kwa ukuta, anafunga jicho moja kuangalia kama pembe imenyooka, halafu anaanza kuhesabu kozi, yaani safu za mawe, kutoka chini hadi juu na mtoto akimwita hasikii. Dadangu alishazoea, ameolewa na huyu mtu miaka mingi, yeye hutafuta tu kivuli na kufungua chupa ya chai.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Krisimasi tunaenda kwao shemeji, Webuye, na kwa vile shule zimefungwa na Probox imetoka gereji, tukasema badala ya kufululiza kutoka Nakuru hadi Webuye tupitiepitie mahali. Mimi ndiyo niliyesema twende kuona kasri. Watoto wameziona kwa katuni, zile za minara na binti mfalme, wakaniuliza, anti, kwani Kenya kuna kasri? Nikawaambia ziko, na moyoni nikaamua nitawaonyesha aina tofauti tofauti, hata zile ambazo hazina mnara na hakuna mtu atakuuzia soda kwa mlango.

Mkenya ukimwambia ngome anawaza Fort Jesus. Sawa, ni haki yake, Wareno walianza kuijenga 1593 na bado imesimama pale Mombasa, UNESCO nao wakaiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2011. Lakini kutoka Nakuru Mombasa ni mbali na nauli ya Disemba unajua huwa inafanya nini. Na huku kwetu juu, kutoka Njoro mpaka ziwani mpaka upande wa Mlima Elgon, kuna kuta ambazo tunazipita tukiwa tumelala kwa matatu.

Kwanza ile inayojulikana. Kasri ya Lord Egerton iko kama kilomita 14 kutoka Nakuru mjini, upande wa Ngata kuelekea Njoro. Sisi wa Nakuru tunaijua vile watu hujua jirani, unajua ako, hujawahi kuingia kwake. Shule nyingi hupeleka watoto, maharusi huenda kupigwa picha, lakini wewe mwenyewe unaendelea kusema nitaenda tu, iko hapa karibu.

Ukifika unashtuka kidogo. Umetoka kwa mashamba ya mahindi na mbogamboga, halafu ghafla jumba la mawe la kizungu kabisa, limesimama peke yake, lina vyumba 53. Hamsini na tatu, na mwenyewe alikuwa mtu mmoja. Ujenzi ulianza 1938, vita vya pili vya dunia vikaukwamisha, ukaisha 1954. Mwenyewe akafariki 1958. Yaani ukipiga hesabu, nyumba ilijengwa miaka mingi kuliko ile aliyokaa ndani ikiwa imekamilika.

Mwongozaji wetu, kijana mchangamfu sana, alitupa ile hadithi ambayo kila mtu wa Nakuru ameisikia. Ati Lord alipenda mwanamke fulani wa huko kwao, akamleta aone nyumba ya kwanza aliyokuwa nayo, mwanamke akaangalia akasema hii ni ya kuku, siwezi ishi hapa. Bwana akaumia, akaamua atajenga kitu ambacho hakuna mwanamke atakataa. Akajenga, akajenga, na kufika mwisho yule mama bado akakataa, wengine husema alikuwa ameshaolewa na mwingine. Tangu siku hiyo ati akapiga marufuku wanawake wasikanyage kwake, wanawake na mbwa na kuku, wote kwa kundi moja. Wageni wakacheka, wanaume zaidi.

Sasa, kilicho kwa rekodi ni kwamba Maurice Egerton hakuoa, hakuacha mtoto, na cheo chake cha baroni wa 4 wa Tatton kikaisha na yeye. Hayo mengine ya kuku ni utamu wa hadithi, kila mwongozaji anaongeza chumvi yake na simlaumu. Lakini mimi niko upande wa yule mama, kama aliwahi kuwepo. Njoro ni baridi, na si baridi ya mchezo. Uletwe huko kutoka Uingereza, mbali na mamako na marafiki zako, uonyeshwe vyumba 53 vya mawe na mwanaume ambaye anadhani shida yako ilikuwa ukubwa wa nyumba. Mimi pia ningesema asante, naomba nirudishwe stesheni. Na cha kuchekesha zaidi ni kwamba siku hizi wikendi pale kunajaa mabibi harusi. Ukienda Jumamosi utakuta shela nyeupe zinaburutwa kwa ngazi zile zile za mtu ambaye tunaambiwa hakutaka kuona sketi.

Ndani kuna ukumbi wa dansi na kinanda kikubwa cha mabomba kama cha kanisani, kuna mbao kwa kuta, kuna mahali pa kuotea moto, na kuna kachumba ka giza ka kusafishia picha kwa sababu Lord alikuwa mpenzi wa kamera. Na si kamera tu. Huyu mtu alikuwa kati ya Waingereza wa kwanza kabisa kurusha ndege, leseni yake ya urubani ilikuwa namba 11, ya mwaka 1910, na aliwajua wale ndugu wa Marekani kina Wright. Haya mambo kwangu ni matamu kuliko ya mwanamke, lakini kundi letu lilikuwa linataka mwanamke tu. Mtu anauliza, alikuwa mrembo? Mwingine, picha yake iko? Nikajisemea, kumbe ni sisi wageni tunaofanya waongozaji warudie wimbo mmoja kila siku, kwa sababu ndio tunaoulipia.

Shemeji wakati huu wote yuko nje. Nilimkuta amechuchumaa kwa kona, anapitisha kucha kwa kiungio cha jiwe na jiwe. Akaniita, shem, kuja uone, hapa hata wembe hauingii. Halafu mwongozaji alipotoka na watu akamuuliza, kijana, nani alijenga hii? Kijana akasema Lord Egerton. Shemeji akatabasamu, akasema hapana, huyo ndiye alilipa, mimi nauliza nani alijenga. Kijana akacheka akasema mzee hilo swali unaniulizia leo mara ya kwanza. Wakaanza kuongea wawili, na nikaona kijana sasa ndiyo amechangamka kweli, wakazunguka nyumba nzima wakionyeshana madirisha, mawe ya kuchonga, vile mvua inaelekezwa isiingie ukutani. Shemeji husema ukitaka kujua fundi usiangalie mbele ya nyumba, angalia nyuma, mahali mwenye nyumba hafiki. Nyuma ya kasri pia ni safi.

Ni yeye pia aliyesimama kwa ile 1954. Sisi tuliisikia tukaipita, mwaka ni mwaka. Yeye akarudia, 1954? Si hiyo ni Emajensi?

Na ni kweli. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 ndiyo ile Operesheni Anvil, Nairobi inazungushwa na wanajeshi, watu maelfu wanapelekwa kizuizini. Na huku Bonde la Ufa, kwa mashamba ya wazungu, Wakikuyu waliokuwa maskwota walikuwa wanafukuzwa na kurudishwa rizavu, yale maeneo waliyotengewa Waafrika, wengi wao hata hawakuwa wamezaliwa huko rizavu. Cucu yetu mimi na dadangu, yaani nyanya, alikuwa msichana mdogo Elburgon wakati huo, alikuwa anatuambia walipakiwa kwa lori na kuku wakabaki wakizunguka uani. Elburgon na Njoro ni pua na mdomo. Kwa hivyo wakati lori zinabeba watu kwenda, hapa kuna mtu anamaliziwa ukumbi wa dansi. Sijui kwa nini sikuwahi kuziweka hizo hadithi mbili pamoja na zote nimezisikia tangu nikiwa mtoto. Dadangu naye akafunika chupa ya chai, akasema, kwa hivyo cucu na hii nyumba ni rika.

Tusimnyime haki yake lakini. Huyo huyo Egerton ndiye alianzisha shule ya kilimo 1939 Njoro, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kufundisha vijana wa kizungu kulima, na ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichopata hadhi ya chuo kikuu 1987. Nusu ya maafisa wa kilimo ninaowajua walipita hapo. Na chuo ndicho kinachoitunza kasri. Kule kwao Uingereza nyumba ya ukoo, Tatton Park, ilienda kwa National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale, alipokufa na watu wanailipia kuingia vile vile kama sisi. Nyumba mbili kubwa, bara mbili, na hakuna mtoto hata mmoja wa kuzirithi.

Watoto wakauliza, anti, binti mfalme alilala chumba gani. Nikawaambia hakukuwa na binti mfalme, kulikuwa na mzee na kamera. Wakanuna mpaka Mau Summit.

Kericho tulipita na mvua, hiyo si habari. Kwa njia mpwa wangu mkubwa, ambaye siku hizi anasoma kila kibao, akaona Fort Ternan kwa ramani ya simu na akataka twende kuona fort. Hakuna ngome ya kuona pale, jina ni la afisa mmoja Mwingereza wa enzi za ukoloni na limebaki kwa stesheni ya reli na kituo. Kitu cha maana pale ni mabaki ya kiumbe wa jamii ya nyani mkubwa wa kama miaka milioni 14 iliyopita ambayo Louis Leakey aliyatoa, lakini jaribu kumwambia mtoto wa miaka tisa hivyo saa kumi jioni akiwa na njaa. Tukateremka Ahero, tukaingia Kisumu, tukala ngege na ugali karibu na maji, kila mtu akalala.

Sasa kuna hii ya pili, ambayo ndiyo ilinifanya niandike.

Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, karibu kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kutoka Kisumu sisi tulipita Homa Bay, Rodi Kopany, Ndhiwa, halafu unaendelea na barabara ya vumbi hadi unaanza kushuku simu yako. Watu njiani ni wazuri, ukiuliza Thimlich wanakuonyesha kwa mkono bila kushangaa. Joto nalo ni la kweli, na Njoro tulikuwa na sweta, watoto walikuwa wanavua nguo moja moja kila kituo.

Ukifika hakuna kitu kinakurukia. Unaona vichaka, unaona mitupa, ile mimea mikubwa ya utomvu mweupe, halafu kati ya miti unaona ukuta wa mawe, na nyuma yake mwingine, na unagundua umesimama mbele ya mji. Mji wa mawe wa karne ya 16 hivi, hauna simiti, hauna udongo wa kushikisha, hakuna hata jiwe moja lililochongwa. Kuta zingine zinafika mita 4 na zaidi kwenda juu, kwa wastani unene ni mita moja. Ziko boma nne kubwa, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na Kochieng ndiyo kubwa yao na ndiyo imehifadhika vizuri. UNESCO waliiandika 2018. Na tusidhani ni hiyo tu, watafiti wamehesabu maeneo 138 yenye majengo ya mawe 521 kwa eneo hili la Nyanza Kusini. Mia tano! Na kitabu changu cha historia cha shule kilinifundisha Great Zimbabwe, ambayo naiheshimu sana, bila kunifahamisha kwamba kuna binamu yake hapa nyumbani.

Shemeji alishuka kwa gari na hakusema kitu. Huyu mtu huwa anaongea. Alitembea kando ya ukuta wa Kochieng pole pole mpaka akapotea upande wa pili, akatokea na huku, akarudi tena. Watoto walikuwa wanamfuata wakidhani anatafuta kitu kimepotea. Halafu akasema, huyu fundi alikuwa hatari.

Nitajaribu kueleza vile alinieleza. Jiwe la kuchongwa, lile la machimbo, lina sura sita zilizonyooka, hata mwanafunzi wa mwezi mmoja ukimpa uzi na pima maji atakupangia ukuta, na akikosea simiti inamfichia. Jiwe la kuokota halina sura. Kila moja ni swali. Unaligeuza, unaliangalia, unalijaribu hapa linacheza, unalijaribu pale linakaa, na ukiliweka vibaya halikuangukii leo, linakuangukia miaka kumi baadaye na ng'ombe wakiwa ndani. Hawa watu walijenga ukuta wa nje peke yake, wa ndani peke yake, na katikati wakajaza safu ya tatu inayoshika zote mbili pamoja, mawe yanaingiliana meno kwa meno. Mahali ukuta ungetaka kusukumwa wakaweka egemeo la mawe kuusaidia. Na hakuna kona. Kuta zote zinajipinda. Shemeji alisema kona ndiyo huanguka ya kwanza, yeyote aliyewahi kurudia kazi kwa hela yake anajua, na hawa walikataa kona kabisa.

Lakini mlango ndio ulimmaliza. Mlango wa kuingia bomani ni mfupi, mtu mzima lazima ainame, na juu yake kuna mawe marefu bapa yamelazwa kama linta, yamebeba uzito wote wa ukuta hizi karne zote. Alilala chini chali akiangalia linta. Mzee aliyekuwa anatutembeza, mtu wa hapo hapo, alikuwa anamtazama na kufurahi, akamwambia sasa wewe umeelewa. Akamweleza kwamba ufupi wa mlango si umaskini wa mawe. Adui akiingia anaingia kichwa kwanza, ameinama, mkuki wake umeelekea chini, na wewe uko ndani umesimama wima unamngoja. Simba pia, fisi pia. Ndani kuna mahali ng'ombe walilala, mahali nyumba zilikaa, mawe ya kusagia, na kuna dalili za watu kuyeyusha chuma. Kwa hivyo haikuwa kambi ya vita, ilikuwa nyumbani, na watu wa makundi tofauti waliingia wakaishi wakahama wengine wakaingia wakarekebisha palipobomoka, mpaka karne ya 20 ndiyo wa mwisho wakatoka.

Hapo kwa kurekebisha shemeji alisisitiza sana. Anasema hakuna ukuta wa mawe makavu unaosimama miaka mia nne kwa sababu ulijengwa vizuri tu, lazima kila mwaka kuna mtu alipita akaona jiwe limetoka akalirudisha, na huyo mtu alifundishwa na mwingine. Na wale waliokuja baadaye hawakuwa hata ukoo wa waliojenga, kwa hivyo waliheshimu kazi ya watu ambao hawakuwajua. Nilimuuliza kama yeye angeweza. Akanyamaza, akasema labda mita mbili kwenda juu, na nipewe mwaka, na nisiharakishwe na mwenye kazi.

Watoto nilidhani watalia kwamba hakuna mnara. Kumbe mlango wa kuinama ni mchezo mtamu kuliko mnara wowote, waliingia na kutoka mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi. Halafu wakaonyeshwa mashimo ya bao, ajua wanavyoita hapo, yamechongwa kwenye mwamba wenyewe karibu na mlango. Mzee akatafuta vijiwe akawafundisha. Kwa hivyo mlinzi wa karne ya 16 au ya 17 alikuwa anachoka zamu kama askari wa geti la mtaa wetu, naye akajipa kazi. Mwongozaji wa Njoro anakuonyesha kinanda, huku wanakuonyesha bao. Sitaki kusema lipi ni bora, lakini bao bado linachezeka.

Kitu kingine kilinikaa. Pale hakuna aliyeuliza kuhusu mapenzi. Hakuna bwana mmoja wa kumhurumia, hakuna picha ya mwenye nyumba, kwa hivyo maswali yote yanaenda kwa ukuta, ulijengwaje, mawe yalitoka wapi, kina mama walisaga wapi. Njoro ni kinyume, mtu mmoja amejaza vyumba vyote 53 na mafundi hawana hata pahali pa kusimama. Mimi naona ni kwa sababu ya jina. Mahali pakiwa na jina la mtu tunaishia kumtafuta mtu.

Wageni siku hiyo tulikuwa wachache sana, na ni Disemba, na ni urithi wa dunia. Barabara inachangia, tuwe wakweli. Ukienda beba maji, jaza tangi Homa Bay, vaa viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba, na ondoka asubuhi, usijaribu kwenda na kurudi ukianza saa nane. Usipande juu ya kuta tafadhali, hata kama picha itakuwa nzuri, ukuta haujashikwa na chochote isipokuwa uzito wake.

Webuye tulifika tumechoka na Probox imebadilika rangi. Kwa wakwe unajua hakuna kupumzika, unasalimia mji mzima kwanza. Jioni shemeji alikuwa anawaeleza kina kaka zake kuhusu linta ya Thimlich kwa mikono, baba mkwe wa dadangu akamsikiliza, akamwambia, umeenda mpaka kwa Wajaluo kuona ngome na wewe umezaliwa chini ya ngome.

Alikuwa anasema Chetambe. Kesho yake tukapanda. Ni vilima vya hapo Webuye, si mbali na maporomoko ya Nabuyole. Na hapa lazima nikuandae, hakuna ukuta wa kupiga picha. Wabukusu na majirani zao Watachoni walijenga ngome za udongo, ukuta wa matope na handaki refu kuzunguka, watu na mifugo ndani. Lukoba, ndivyo mzee alivyokuwa anaziita. Zilikuwa nyingi, kijiji kizima kinaishi ndani ya ukuta. Mvua na majembe vimekula karibu zote, pale kilichobaki ni alama za handaki kwenye ardhi, na kama hujaonyeshwa utaruka tu uendelee.

1895 Waingereza walituma msafara wa adhabu ukiongozwa na Charles Hobley, pamoja na askari Wasudani na wasaidizi wengine kutoka majirani, kuja kuwavunja Wabukusu. Walianza na ngome ya Lumboka, halafu wakaja Chetambe ambako watu walikuwa wamekimbilia. Ukuta wa udongo na handaki vilikuwa vimewafaa miaka mingi dhidi ya mkuki na mshale na wizi wa ng'ombe. Dhidi ya bunduki za kizungu havikufaa. Watu wengi walikufa pale juu, wengine wakachukuliwa mateka. Miaka sita baadaye, 1901, reli ikafika Kisumu, na baada ya reli ndiyo wakaja wakulima wa kizungu wa Njoro, na baada yao ndiyo ikaja kasri. Sikupanga safari yangu hivyo, nilipanga kwa kufuata barabara, lakini tulikuwa tumeanza mwisho tukirudi nyuma.

Mzee aliongea kidogo, si kama waongozaji. Alionyesha kwa fimbo, hapa ukuta, hapa lango, huku ndiko walitokea. Shemeji akauliza udongo ulichanganywa na nini, nyasi au kinyesi cha ng'ombe. Mzee akamwangalia akasema wewe hata msibani utauliza jeneza ni la mbao gani. Tukacheka wote, ikasaidia, kwa sababu watoto walikuwa wameshaanza kuuliza maswali magumu kuhusu bunduki na mimi sikuwa na majibu ya umri wao.

Nilifikiri kuhusu kibao. Njoro kuna geti na tiketi, Thimlich kuna mtu wa kukutembeza, hapa kuna mzee mwenye fimbo, na mzee ana miaka yake. Niliwasha simu nikamrekodi kuanzia langoni tena, akakubali kurudia yote na safari hii akaongea kirefu, akataja majina ya koo na mahali kila mmoja alisimama. Rekodi iko kwa grupu ya familia ya WhatsApp, kaka mmoja wa shemeji ambaye ni mwalimu amesema ataiandika kwa Kibukusu na kwa Kiswahili shule zikifunguliwa. Tayari kuna mabishano, mjomba mmoja anasema lango halikuwa pale, lilikuwa upande wa pili, na ametuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko rekodi yenyewe.

Aprili dadangu anataka bahari. Amesema Fort Jesus, halafu ufukweni, na hataki kusikia kingine. Shemeji amekubali haraka sana mpaka tukashuku. Juzi nimemkuta anauliza fundi mmoja wa Pwani kwa simu jiwe la matumbawe linachongwa na nini likiwa bado bichi, na kama linapokea plasta.